Jinsi ya Kupima Vipokea Sauti Visivyoziba Sikio kwa Matumizi ya Kila Siku

Vipokea sauti visivyo na waya ambavyo haviingii ndani ya tundu la sikio vimetengenezwa ili mvaaji asikie mambo mawili kwa wakati mmoja: kinachotoka kwenye simu yake na kinachoendelea karibu naye. Hodi mlangoni, honi nyuma yake, mtoto anayeita kutoka chumba cha pili, sufuria inayofurika jikoni, vyote vinapaswa kumfikia. Kwa sababu hiyo, kuvijaribu kwa dakika mbili ndani ya chumba kimya ni kujidanganya, kwa kuwa katika ukimya karibu kila kifaa cha aina hii husikika vizuri. Nimetumia vya maumbo matatu tofauti kwa miaka kadhaa, na kila mara nilipojutia ununuzi kosa lilikuwa lile lile: niliamua kabla sijatoka navyo nje. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvipima mahali unapokusudia kuvitumia, katika siku za mwanzo, ungali na nafasi ya kuvirejesha.

Tambua kwanza umbo ulilonalo

Jina la pamoja huficha tofauti kubwa. Umbo lililoenea zaidi ni lile linalokaa kwenye bonde la sikio, mbele kidogo ya mlango wa tundu, bila kichwa cha mpira. AirPods za kwanza za Apple, zilizotoka mwaka 2016, zilichangia sana kulieneza. Sony walichukua njia nyingine mwaka 2022 walipotoa LinkBuds, ambazo spika yake ni pete ya milimita 12 yenye uwazi katikati, na sauti za nje hupita katika uwazi huo hadi ndani ya sikio. Umbo la tatu ni la ndoano: mkono mwembamba hupita juu ya sikio na kuishikilia spika mbele ya tundu bila kuliziba, kama ilivyo kwa Shokz OpenFit ya mwaka 2023. La nne ni la kibanio, ambalo hubana ukingo wa sikio mithili ya hereni isiyohitaji sikio lililotogwa. Mifano yake ni Huawei FreeClip ya mwaka 2023 na Bose Ultra Open ya mwaka 2024.

Viko pia vifaa vinavyopitisha sauti kwenye mfupa, na wauzaji wengi huvichanganya na hivi. Vifaa hivyo hufuata kanuni tofauti kabisa, kwa kuwa hutikisa mfupa wa shavu mbele ya sikio, na mtikisiko husafiri kupitia fuvu hadi sikio la ndani. Ukitaka kujua umeuziwa kipi, cheza wimbo wenye besi nzito kwa sauti ya juu kiasi kisha usikilize ngozi ya shavu lako: ikitekenywa kwa kila pigo la ngoma, kifaa hicho ni cha mfupa.

Umbo huamua mapema baadhi ya matatizo utakayokutana nayo. Ndoano hugombea nafasi na mkono wa miwani juu ya sikio. Kibanio hakigusani na miwani hata kidogo, lakini hugombana na hereni na wakati mwingine na kitambaa cha kichwani. Kinachokaa kwenye bonde la sikio ndicho chepesi kuvaa na kuvua, na ndicho pia kinachodondoka kwa urahisi zaidi, kwa sababu kinategemea ukubwa wa bonde hilo, nao hutofautiana sana kati ya mtu na mtu.

Saa nzima kwenye sikio

Masikio mawili ya mtu mmoja hayafanani, na hilo ndilo jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayawezi kukuambia. Sikio langu la kulia hushika karibu kila kitu, ilhali la kushoto lina bonde jembamba ambalo huisukuma spika nje taratibu kila ninapotafuna. Kwa hiyo pima kila upande peke yake kabla ya kuvipima pamoja, na uamue kwa kuufuata upande ulio mgumu.

Maumivu ya vifaa hivi huja kwa kuchelewa. Nilipovaa kibanio kwa mara ya kwanza, nusu saa ya mwanzo nilisahau kabisa kwamba nimekivaa. Ilipofika dakika ya 40 nikaanza kukisogeza kwa kidole bila kujitambua. Dakika ya 50 nikagundua kuwa nimesoma aya moja mara tatu bila kuielewa, na kwamba kilichonikatiza kila mara ni mkono wangu uliokuwa ukienda sikioni. Kifaa hicho hakikuwa kibovu. Kilibana gegedu mahali ambapo sikio langu ni nene, na mwenzangu aliyekijaribu baada yangu alikaa nacho jioni nzima bila shida yoyote. Ndiyo maana kipimo cha kwanza ninachopendekeza ni saa nzima isiyokatizwa, ukifanya kazi yako ya kawaida, na si kukaa ukikitafakari kifaa. Ukimaliza, vua kisha tazama ngozi kwenye kioo. Alama nyekundu inayofutika baada ya dakika chache ni ya kawaida. Alama inayobaki, na inayouma ukiigusa, itakuwa mbaya zaidi siku ya tatu, kwa hiyo usijifariji kwamba sikio litazoea.

Baada ya hapo jaribu miondoko unayoifanya kila siku bila kuifikiria. Inama ufunge kamba za viatu. Geuza kichwa kwa haraka kama mtu aliyeitwa jina. Panda ngazi, tafuna kitu kigumu, piga mwayo, vua fulana kwa kuipitisha kichwani. Hilo la mwisho hupuuzwa, ingawa ndipo ndoano nyingi hunaswa na kurushwa sakafuni. Kama unavaa miwani, jaribu kuanza na miwani kisha kifaa, halafu ubadilishe utaratibu, na uangalie kama unaweza kuivua miwani kuipangusa bila kuvuta ndoano pamoja nayo. Uzito nao una sehemu yake: kipokea sauti kimoja huanzia takriban gramu 4 hadi 10 au zaidi, na tofauti hiyo, ndogo kwenye kiganja, huonekana wazi ukikimbia.

Kuna kipimo kimoja ambacho watu huniuliza sababu yake. Vaa na uvue mara kumi mfululizo huku wimbo ule ule ukicheza, bila kujitazama kwenye kioo, na usikilize kama sauti ni ile ile kila mara. Katika vifaa visivyoziba sikio, kusogea kwa milimita chache hubadilisha besi na ukali wa sauti kwa kiasi kinachosikika. Kifaa kinachokaa sawa mara mbili tu kati ya kumi kitakulazimisha kukirekebisha kila asubuhi, na ubora wa spika yake hautakusaidia chochote.

Kiwango cha sauti ndicho kipimo kikuu

Ningeambiwa nibakize kipimo kimoja tu katika mwongozo huu, ningebakiza hiki. Tundu la sikio likiwa wazi, kelele za nje huingia bila kizuizi, na njia pekee ya kuyasikia maneno ni kupandisha sauti mpaka iizidi kelele hiyo. Sikio basi hupokea vyote viwili, kelele pamoja na sauti iliyopandishwa juu yake. Vifaa vya kuziba huipunguzia kelele nguvu kwanza, na hivyo mvaaji anaweza kusikiliza kwa utulivu hata ndani ya basi. Hivi vyetu haviwezi kufanya hivyo, na mtu asiyelijua jambo hili huharibu usikivu wake polepole huku akiamini kwamba amechagua kifaa kilicho salama zaidi.

Pima hivi. Chagua mazungumzo, yaani kipindi cha redio, podikasti au kitabu kinachosomwa, kwa sababu katika muziki ubongo hujaza mapengo na huwezi kujua umekosa nini. Katika chumba kimya, shusha sauti hadi kiwango cha chini kabisa ambacho bado unalishika kila neno, kisha hesabu hatua za kitufe kutoka sifuri hadi hapo. Halafu nenda mahali penye kelele kubwa kuliko pote unapopita mara kwa mara, iwe ukingo wa barabara kuu, kituo cha mabasi au karakana, upandishe sauti mpaka uelewe kila neno tena, na uhesabu upya. Andika namba zote mbili. Ikiwa chumbani ulihitaji hatua 4 kati ya 16 na barabarani 9, kifaa hicho kina nafasi ya kutosha. Ikiwa barabarani ulifika 14 na bado ulikuwa unakunja uso ili usikie, hapo si mahali pa kifaa hiki, na hakuna sasisho la programu litakalolibadilisha hilo.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na kwamba kwa desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4. Kanuni iliyo nyuma ya namba hizo ni rahisi kuikumbuka: kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu. Saa 40 huwa 20 katika desibeli 83, huwa 10 katika 86, na huwa 5 katika 89. Baadhi ya simu huonyesha makadirio ya kiwango hicho kwenye kioo wakati unasikiliza. Kama yako inaonyesha, yasome ukiwa barabarani, wala si nyumbani. Kama haionyeshi, zile hatua ulizozihesabu ni mwongozo mzuri. Kwa safari ya saa moja ndani ya gari lenye mngurumo mkubwa, kwenda na kurudi kila siku, mimi hubeba vya kuziba, na hivi visivyoziba huvitumia nyumbani, kazini na ninapotembea kwa miguu. Sioni ubaya wa kuwa na jozi mbili, na naona ubaya mkubwa wa kulazimisha jozi moja ifanye kazi isiyoiweza.

Kipimo hiki kina upande wake wa pili. Kipokea sauti kilicho wazi hakikuhakikishii kwamba utaisikia hatari, kwa sababu sauti iliyopandishwa sana huifunika honi kama vile mpira ungeliziba tundu. Ukiwa umefika kwenye kiwango chako cha barabarani, mwombe mtu asimame nyuma yako hatua tano au sita, mahali salama, aseme jina lako kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, asipaze. Usipogeuka, kiwango hicho ni kikubwa mno kwa mtu anayetembea kando ya magari.

Vipo vifaa visivyoziba sikio vinavyodai kupunguza kelele kwa njia ya kielektroniki, kama Galaxy Buds Live ya Samsung ya mwaka 2020 na toleo mojawapo la AirPods 4 la mwaka 2024. Madai hayo si ya uongo, ila yana mipaka. Teknolojia hiyo hufanya kazi vizuri zaidi kwenye mngurumo mzito usiobadilika, kama wa feni au injini, na hufanya kidogo sana kwenye sauti za watu. Ijaribu bila muziki wowote: simama karibu na feni, iwashe, uizime, uiwashe tena. Ukilazimika kujiuliza kama kuna tofauti, usiilipie.

Besi na kile kinachovuja

Sauti nzito zinahitaji shinikizo la hewa, na shinikizo hujengeka pale ambapo hewa imefungiwa. Kichwa cha mpira hulifungia. Tundu lililo wazi huliachia litoke. Kwa hiyo kila kifaa kisichoziba sikio hupoteza besi ya chini kwa sababu ya maumbile ya kazi yake, na mtengenezaji hodari hupunguza hasara hiyo tu. Sauti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ina masafa ya hezi 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde. Vingi kati ya vifaa hivi huitoa kwa unyonge sana, na hata hivyo utaisikia noti yenyewe, kwa kuwa ubongo hupokea masafa ya hezi 82 na 123 yanayofuatana nayo na kujijengea ile iliyokosekana. Utakachokosa ni uzito wake kifuani. Kwa anayesikiliza mazungumzo, nyimbo za kwaya, gitaa kavu au taarabu, hasara hiyo ni ndogo. Kwa anayesikiliza muziki unaotegemea mdundo mzito, itamsumbua kila siku, na ni heri alijue hilo mapema.

Cheza wimbo unaoujua kwa moyo, kisha ukisukume kifaa taratibu kwa kidole kuelekea tundu la sikio. Besi ikiongezeka kidogo, kimekaa vizuri. Ikiongezeka kwa ghafla kana kwamba umebadilisha kifaa, maana yake spika inakaa mbali mno na tundu lako. Jaribu kukizungusha au kukipandisha kabla ya kukata tamaa. Programu za simu zinazokuja na vifaa hivi huruhusu kuongeza besi, na ongezeko dogo husaidia, lakini ukiisukuma sana spika ndogo huanza kukwaruza kwenye sauti ya juu na betri huisha mapema.

Faida iliyo wazi kuliko zote utaisikia kwenye sauti yako mwenyewe. Mtu aliyeziba masikio husikia hatua zake, utafunaji wake na maneno yake vikivuma ndani ya kichwa kana kwamba ameingiza uso mtungini. Vaa hivi kisha soma kwa sauti ukurasa mmoja: ukijisikia kama ulivyo siku zote, umepata kile ambacho watu wanaoshinda kwenye simu na mikutano hukitamani.

Sauti inayoingia kwa uwazi hutoka pia kwa uwazi. Watengenezaji wengi huielekeza spika kwenye tundu na kutoa sauti ya kinyume upande wa nyuma ili mawimbi hayo mawili yafutane yakiwa mbali na sikio, na mbinu hiyo husaidia sana, ingawa haifuti kila kitu. Mwombe mtu akae mita moja kutoka kwako katika chumba kimya wakati umeweka kiwango chako cha ndani, akuambie kama anasikia maneno au mnong'ono tu. Kiwango cha barabarani hakina haja ya kipimo hiki, kwani huko kelele yenyewe hukufunika.

Simu na mikutano

Watu wengi hupima jinsi wanavyowasikia wengine na kusahau kupima jinsi wanavyosikika. Mpigie mtu mvumilivu, umweleze kwamba unajaribu kifaa, na uzungumze naye ukiwa chumbani, kisha karibu na bomba la maji linalotiririka, kisha nje penye upepo. Upepo ndio mtihani mkubwa, kwa kuwa maikrofoni za vifaa hivi zipo mbali na mdomo na programu yake hulazimika kukisia lipi ni neno na lipi ni mvumo. Usiulize tu kama anakusikia. Mwambie arudie namba sita ulizomtajia. Namba hazikisiwi kama maneno ya kawaida yanavyokisiwa, na hapo ndipo ukweli hujulikana. Kama unapenda kutumia programu ya kurekodi, hakikisha kwanza kwamba inarekodi kwa maikrofoni ya kipokea sauti na si ya simu, kosa ambalo limewafanya wengi wavisifu vifaa visivyostahili.

Utaona jambo jingine ukivitumia kwenye kompyuta: muziki uliokuwa mzuri hugeuka kuwa finyu mara tu maikrofoni inapofunguliwa. Hiyo si hitilafu ya jozi yako. Bluetooth ya kawaida hutumia utaratibu mmoja kwa kusikiliza tu na mwingine kwa kusikiliza na kuzungumza kwa pamoja, na huo wa pili una nafasi ndogo ya sauti. Mfumo mpya wa LE Audio, wenye kodeki (njia ya kuibana sauti ili isafiri bila waya) ya LC3, umekusudiwa kuboresha hali hiyo, ila lazima pande zote mbili ziwe nao, kifaa na simu au kompyuta. Ulizia kabla ya kulipia.

Muungano na ucheleweshaji

Mawimbi ya Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo mwili wa binadamu, kwa kuwa umejaa maji, huyanyonya. Ndani ya nyumba kuta huyarudisha na kuziba pengo hilo, hivyo tatizo hufichika. Nenda mahali peupe pasipo na kuta, kama kiwanja cha mpira, uweke simu kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kisha utembee na kugeuza kichwa kila upande. Sauti ikikatika upande mmoja, hamishia simu mfuko wa pili na urudie. Kukatika mara moja kwa dakika kumi kunavumilika; kukatika kila unapogeuka hakuvumiliki.

Kuhusu kodeki nitasema machache. SBC ipo kwenye kila kifaa cha Bluetooth kinachocheza muziki, AAC hutumika sana kwenye iPhone, na LDAC ya Sony inaweza kufikisha kilobiti 990 kwa sekunde. Katika chumba kimya na kwa kifaa kizuri cha kuziba, tofauti zao zina maana. Kwa kifaa kilicho wazi kinachovaliwa penye shughuli za watu, tofauti hizo humezwa na kelele, na sioni sababu ya kuzilipia.

Sauti isiyo na waya huchelewa kidogo kulifikia sikio. Programu nyingi za video huichelewesha picha ili vifike pamoja, kwa hiyo mdomo na maneno yakilingana kwenye video usidhani umemaliza kupima. Fungua kibodi ya simu yenye mlio, uandike haraka. Hapo hakuna cha kufidia ucheleweshaji, na utausikia jinsi ulivyo. Wasiocheza michezo ya simu wanaweza kuliacha jambo hili.

Kama unatumia simu na kompyuta kwa zamu, jaribu kuunganisha vyote viwili kwa pamoja, ucheze video kwenye kompyuta, kisha upigiwe simu. Boksi hutaja uwezo huo kwa neno moja. Kinachohitajika kujulikana ni kama kifaa huhama chenyewe, huchukua sekunde ngapi, na kama hurudi kwenye video baada ya simu kukatwa.

Maji, jasho na betri

Alama za kuzuia maji hutoka kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Katika IPX4, namba 4 inamaanisha kwamba matone ya maji kutoka kila upande hayakidhuru kifaa, na herufi X inamaanisha tu kwamba uwezo wa kuzuia vumbi haukutajwa. IPX7 ni kuzamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji safi. Jasho lina chumvi, na chumvi hula vile vidoti vya chuma vya kuchajia. Pangusa kwa kitambaa kikavu kabla ya kurudisha kifaa kwenye kasha, hasa kwa kuwa makasha mengi hayana kinga sawa na ya vipokea sauti vyenyewe.

Saa za betri zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa sauti ya wastani, mara nyingi nusu ya kiwango cha juu. Wewe utasikiliza kwa sauti ya juu zaidi kwa sababu ambazo nimeshazieleza, kwa hiyo chaji hadi ijae, usikilize kwa viwango vyako halisi, uandike muda mpaka onyo la kwanza. Angalia pia kama kushoto na kulia vinaisha karibu pamoja. Vinavyopishana kwa zaidi ya nusu saa siku ya kwanza virejeshe mara moja, kwani betri ndogo ya lithiamu iliyomo haibadilishwi kwa urahisi, na pengo hilo hukua. Halafu virudishe kwenye kasha mara kadhaa ukiwa gizani, kwa kupapasa. Visipoingia sawasawa, asubuhi moja utakuta kimoja hakijachaji usiku kucha.

Zitunze namba tatu ulizoandika, yaani hatua za chumbani, hatua za barabarani na saa za betri, pamoja na tarehe yake. Baada ya miezi sita rudia vipimo hivyo mahali pale pale na kwa kipindi kile kile. Saa za betri zikipungua kidogo ni kawaida. Hatua za chumbani zikiongezeka, safisha wavu wa spika kwa brashi laini kavu, kwani vumbi na nta huuziba bila kuonekana, kisha upime tena. Zikibaki juu baada ya kusafisha, jaribu vipokea sauti vingine ulivyonavyo, na kama navyo sasa unavihitaji kwa sauti kubwa kuliko zamani, nenda ukapimwe masikio.